Ulinzi wa data kwa watengeneza programu wa Malindi: anza na jedwali, karatasi zitafuata

Waulize wenye vikampuni vya programu hapa Malindi kuhusu Sheria ya Ulinzi wa Data, na wengi watakwambia wameshamaliza: wana ukurasa wa sera ya faragha kwenye tovuti. Ufungue ukurasa wenyewe. Umenakiliwa kutoka kampuni ya Marekani, unataja sheria za California, na anwani ya barua pepe iliyo chini yake haipokei kitu. Wakati huohuo mfumo wao wa kuhifadhi vyumba umebeba picha za pasi za wageni wa miaka kadhaa, kwenye folda ambayo yeyote mwenye kiungo anaifungua.

Mwongozo huu unaanzia kwenye hifadhidata. Sheria inataka kujua unashika nini, cha nani, kwa sababu gani, na mpaka lini. Mwenye kuweza kujibu hayo huku amefungua jedwali lake ataandika sera yake kwa jioni moja. Asiyeweza, hata amlipe wakili, atapata karatasi iliyopigwa chapa vizuri basi.

Nimewalenga watu wa maduka madogo ya programu: wawili, watatu, mpaka kumi, wanaotengenezea hoteli za Malindi na Watamu, shule, zahanati, vyama vya akiba na watu wa tuktuk. Benki na kampuni za simu zina mawakili wao.

Sheria yenyewe, na inavyouma

Msingi ni Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010, kinacholinda faragha. Juu yake kukajengwa Sheria ya Ulinzi wa Data, Namba 24 ya 2019, iliyoanza kutumika tarehe 25 Novemba 2019. Kamishna wa Data wa kwanza, anayeisimamia sheria hii, Immaculate Kassait, aliapishwa Novemba 2020. Mwaka 2021 zikaja kanuni za aina tatu: za jumla, za usajili, na za kushughulikia malalamiko. Hizo za jumla zisome mwenyewe hata kama huna hamu ya kusoma nyingine. Siku na saa utakazoulizwa nyingi zimo humo.

Faini ya Kamishna inafika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, ile iliyo ndogo. Kwa duka lenye mapato ya milioni 6, asilimia 1 ni shilingi 60,000, na hapo wengi hushusha pumzi. Wasishushe mapema. Aliyedhurika anaweza pia kudai fidia, na sheria inahesabu dhiki ya moyo kuwa ni madhara hata kama hakupoteza senti. Na makosa ya jinai chini ya sheria hii, pale ambapo haikutajwa adhabu nyingine, yana faini ya hadi milioni 3 au kifungo cha hadi miaka 10, au vyote viwili.

Waliokwisha kutozwa? Desemba 2022 wauza simu Oppo Kenya walitozwa milioni 5 kwa kutumia picha ya mtu mtandaoni bila ridhaa yake. Septemba 2023 klabu ya Casa Vera ya Nairobi ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kubandika picha ya mteja kwenye mitandao, na Roma School ya Uthiru shilingi 4,550,000 kwa picha za wanafunzi ambazo wazazi hawakuziridhia. Ziangalie vizuri kesi hizo tatu. Hakuna mdukuzi hata mmoja ndani yake. Ni watu waliopiga picha, wakabandika, wakaendelea na kazi zao.

Hatua ya 1: Jua wewe ni nani katika kila kazi

Sheria inagawa watu wawili. Mdhibiti ndiye anayeamua data ikusanywe kwa nini na kwa njia gani. Mchakataji anaishika kwa niaba yake. Hoteli ikikupa kazi ya mfumo wa kuhifadhi vyumba, na wewe ukauweka kwenye seva unayoilipia, hoteli ni mdhibiti wa data ya wageni na wewe ni mchakataji. Ila kwa data ya wafanyakazi wako, na kwa namba za simu unazotumia kutangaza huduma zako, mdhibiti ni wewe.

Ukiuza programu ikawekwa kwenye kompyuta ya mteja na wewe usiwe na njia ya kuiona tena, hapo huchakati chochote. Lakini ni nani anayeuza hivyo siku hizi? Siku mteja atakapopiga simu kwamba mfumo umegoma, utaingia kwa AnyDesk, ile programu ya kuendesha kompyuta ukiwa mbali, na orodha ya wageni itakuwa mbele ya macho yako. Hapo umeshakuwa mchakataji.

Kuna mstari katika Kifungu cha 42 unaopitwa na wengi: mchakataji akifanya na data jambo ambalo hakuagizwa na mdhibiti, kwa jambo hilo anahesabiwa kuwa mdhibiti. Yaani ukichota barua pepe za wageni kutoka hoteli tano unazozihudumia ukawatumia tangazo la programu yako mpya ya teksi, huwezi kujificha nyuma ya hoteli. Mzigo ni wako peke yako.

Hatua ya 2: Fungua jedwali la wageni, safu kwa safu

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, kwa hiyo tukae kidogo. Chukua jedwali la wageni la mfumo wa kawaida wa hoteli ya pwani na upite kila safu ukiuliza: hii tunaitumia kwa lipi?

Jina na namba ya simu: hazina ubishi. Barua pepe: ya lazima kwa aliyeweka chumba mtandaoni, ya hiari kwa aliyeingia kwa miguu. Ondoa ile alama ya nyota inayomlazimisha mtu wa mapokezi kubuni anwani ya uongo ili fomu ipite.

Namba ya pasi au kitambulisho: iombwe mgeni akifika, isiombwe wakati wa kuweka chumba. Wanaobatilisha safari ni wengi, na hakuna sababu ya kubaki na namba ya kitambulisho cha mtu ambaye hata daraja la Kilifi hakulivuka.

Picha ya pasi ndiyo donda. Fuatilia safari yake: wa mapokezi anaipiga kwa simu yake mwenyewe, anaituma kwenye kundi la WhatsApp la hoteli, meneja anaipeleka saiba ichapwe, kijana wa saiba anaipakua kwenye kompyuta ya wote, halafu mwisho kabisa inapakiwa kwenye mfumo wako. Nakala tano, na wewe unalinda moja. Dawa yake ni kuitoa kabisa: weka safu ya namba, na kando yake kisanduku cha "nimeiona pasi", jina la aliyeiona na saa.

Mzee mwenye nyumba za wageni huenda akakwambia, "Mwanangu, picha hizi naziweka miaka yote. Siku askari wakija nitawaonyesha nini?" Usimbishie. Mjibu, "Mzee, askari akija na barua yake atataka jina, namba na tarehe, na vyote vimo kwenye daftari. Picha ikitoka nje, atakayeulizwa ni wewe." Akishikilia msimamo, kubali kwa sharti: picha isimbwe kwa fiche (isisomeke bila ufunguo), ionekane na mtu mmoja, na mfumo uifute wenyewe mgeni akishaondoka.

Hali ya ndoa: ilikuja na fomu ya kunakili, ile ya Mr na Mrs. Kwa sheria ya Kenya hali ya ndoa ni data nyeti, sawa na afya, imani, kabila, alama za vidole na jinsia. Orodha yetu ni pana kuliko ile ya Ulaya, maana inaingiza hata mali ya mtu na habari za familia yake, yakiwemo majina ya watoto, wazazi na mwenzi wa ndoa. Kwa hiyo safu ya "majina ya watoto" nayo ni nyeti. Hoteli inachohitaji ni idadi na umri, ili ijue vitanda na bei. Futa majina.

Dini: utaikuta kwenye mifumo mingi ya pwani, na sababu yake si mbaya. Meneja anataka kujua nani hali nguruwe, nani atataka daku mwezi wa Ramadhani. Lakini hilo ni swali la chakula. Badilisha safu iwe "vyakula usivyokula na saa za kula", mgeni ajaze anachotaka. Jikoni wanapata walichokuwa wanakitafuta na imani ya mtu haimo kwenye hifadhidata yako.

Mzio na maradhi: hii inahitajika kwelikweli, kwa kuwa samaki wa nazi anaweza kumlaza mtu hospitali. Iweke, ila ionekane na mpishi ikiwa na namba ya chumba tu, na ifutwe mgeni akiondoka.

Mwisho, safu ya "maoni". Watengeneza programu huisahau kwa sababu ni kisanduku kitupu. Ifungue usome. Utakuta "mlevi", "usimpe chumba cha mbele", na "amekuja na mke wa mtu". Mgeni ana haki ya kuomba kila ulichoandika juu yake, na jibu lake lina siku saba. Wafundishe watu wa mapokezi kuandika lile tu ambalo wangelisoma mbele ya mgeni mwenyewe.

Ukimaliza hapo, andika daftari la data. Faili ya Excel inatosha: ni data gani, ya nani, kwa sababu gani, nani anaiona, inafutwa lini. Halafu fuata nakala zake zote: bekapu, ripoti zinazotumwa kwa barua pepe kila Jumatatu, logi za seva (kumbukumbu za nani aliingia na alifanya nini), na laptop ya kijana wa atachmenti uliyempa hifadhidata halisi "ajaribie". Hiyo ya mwisho ikome leo. Tengeneza wageni wa uongo mia mbili, Juma na Kadzo na Giulia, wajaribie hao.

Juu ya muda wa kuweka, Kifungu cha 39 kinasema data isikae kuliko inavyohitajika. Watu hujitetea kwa kodi, na ni kweli kumbukumbu za kodi zinatakiwa kuwekwa miaka mitano. Lakini kodi inataka risiti na ankara, haitaki mzio wa mtu wala safari yake ya ndege. Tenganisha jedwali la malipo na jedwali la wageni, na uweke kazi ya usiku inayofuta kwa tarehe. Usimwachie mtu, mtu husahau, na msimu wa Desemba hakuna atakayekumbuka.

Hatua ya 3: Kila matumizi yawe na sababu yake

Wengi wanadhani kila kitu kinahitaji ridhaa, wanaweka kisanduku kimoja cha "Nakubali" na kukirundikia mambo yote. Si hivyo. Mgeni akiweka chumba, unashika jina na simu yake kwa sababu ya mkataba kati yake na hoteli. Ankara unaiweka kwa sababu ya wajibu wa kisheria. Ridhaa unaihitaji kwa yaliyobaki, na kubwa zaidi ni matangazo.

Ridhaa ya kweli ina masharti. Kisanduku kisiwe kimeshawekwa tiki. Kisifungwe pamoja na huduma, kwamba asiyekubali matangazo hapati chumba. Aweze kuiondoa kwa urahisi uleule alioitoa nao. Na Kifungu cha 32 kinamtwika mdhibiti mzigo wa kuthibitisha kwamba ridhaa ilitolewa, kwa hiyo hifadhi tarehe, njia iliyotumika, na toleo la maneno aliyoyasoma siku ile. Safu tatu tu kwenye jedwali, na siku ya malalamiko zitakuokoa kuliko wakili.

Ridhaa inayonunuliwa nayo ina mashaka. Mwaka 2023 Worldcoin walipanga watu foleni Nairobi, wakapigwa picha za mboni za macho na kupewa sarafu za kidijitali. Agosti mwaka huo serikali ikasimamisha zoezi, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hiyo ifutwe, kwa kuwa haikupatikana kwa ridhaa halali wala haikutanguliwa na tathmini ya athari (nitaieleza Hatua ya 7).

Kwa mtoto, yaani aliye chini ya miaka 18, ridhaa ni ya mzazi au mlezi. Ukitengenezea shule mfumo wenye picha za wanafunzi, weka sehemu ya ridhaa ya mzazi kwa kila matumizi: picha ya kadi ni jambo moja, picha ya ukurasa wa Facebook wa shule ni jambo jingine kabisa.

Hatua ya 4: Jisajili

Ofisi ya Kamishna ilianza kusajili tarehe 14 Julai 2022, na maombi hufanywa kwenye tovuti yake. Wanasamehewa wenye mapato ya mwaka chini ya shilingi milioni 5 na wafanyakazi chini ya 10. Masharti yote mawili lazima yatimie kwa pamoja. Watu wanne wenye mapato ya milioni 7 hawasamehewi.

Halafu kuna orodha ya kazi ambazo msamaha hauzigusi hata biashara ikiwa ya mtu mmoja. Humo mna hoteli na biashara za ukarimu (waongoza watalii wametolewa), afya, shule, huduma za fedha, usafirishaji pamoja na programu za kuita magari, usimamizi wa nyumba na uuzaji wa ardhi, kamari, na kamera za usalama. Soma tena orodha hiyo ukiwa umesimama Barabara ya Lamu. Ni nani wa Malindi aliyebaki nje? Kwa maoni yangu, duka la programu linaloshika data ya hoteli au zahanati lijisajili bila kupoteza muda kutafuta mlango wa msamaha.

Ada ya biashara ndogo ni shilingi 4,000, na kuhuisha ni 2,000. Ya kati ni 16,000, kubwa 40,000. Cheti kinadumu miezi 24. Utaulizwa aina za data, sababu za kuichakata, hatari na ulinzi uliouweka, na majibu yote yako kwenye lile daftari la Hatua ya 2. Usijaze uongo, taarifa za uongo kwenye usajili ni kosa la jinai.

Hatua ya 5: Mkataba na mteja

Sheria inataka mkataba wa maandishi kati ya mdhibiti na mchakataji. Hapa kwetu kazi nyingi huanza kwa simu na malipo ya awali ya M-Pesa, mkataba ukaja baadaye au usije. Kurasa mbili zinatosha. Maneno kama haya yanafanya kazi:

"Mchakataji atatumia data ya wageni kwa maagizo ya maandishi ya Hoteli peke yake. Hatampa mtu mwingine kazi ya kuichakata bila Hoteli kukubali kwanza kwa maandishi. Akigundua data imevuja, ataiarifu Hoteli ndani ya saa 48. Mkataba ukiisha, ataikabidhi Hoteli data yote na kufuta nakala zake, pamoja na bekapu, ndani ya siku 30, na atathibitisha kwa maandishi."

Hizo siku 30 ni za kukubaliana. Saa 48 zimo kwenye sheria. "Mtu mwingine" hapo ni pamoja na kampuni ya seva, ya kutuma SMS na ya barua pepe, kwa hiyo waorodheshe kwenye kiambatisho. Na jambo la desturi: mteja asiyelipa usimfungie data ya wageni wake kama rehani. Mdai kwa njia nyingine. Siku mgeni atakapoomba taarifa zake na hoteli ikashindwa kuzipata kwa sababu umezifunga, utakuwa umefanya jambo ambalo hukuagizwa, na Kifungu cha 42 umeshakisoma.

Hatua ya 6: Ilani inayosomeka

Tupa ile ya California. Kwenye fomu ya kuweka chumba weka maneno machache, kwa Kiswahili na kwa lugha ya mgeni:

"Jina na simu yako tunazitumia kukuwekea chumba na kukupigia ukichelewa. Namba ya pasi au kitambulisho tutaiandika ukifika. Data inashikwa na Hoteli kupitia kampuni inayotuhudumia mfumo. Tunaifuta miezi sita baada ya kuondoka, isipokuwa kumbukumbu za malipo zinazotakiwa na sheria ya kodi. Ukitaka kuiona, kuirekebisha au kuifuta, tuandikie hapa. Usiporidhika, una haki ya kulalamika kwa Kamishna wa Data."

Miezi sita ni mfano. Weka ile ambayo mfumo wako unafuta kweli. Kanuni zinaruhusu pia maelezo kutolewa kwa mdomo, sauti au video. Kwa mfumo wa madereva wa tuktuk, au wa akina mama wa chama kule Ganda, sauti ya dakika moja kwenye WhatsApp itafika mahali ambapo karatasi haifiki.

Hatua ya 7: Seva iko wapi

Data ya kawaida inaweza kukaa nje ya Kenya ikiwa kuna ulinzi unaofaa, na mdhibiti aweze kuuonyesha. Mkataba wa kampuni ya seva ndio mahali pa kuanzia. Data nyeti ina sharti zito zaidi: ridhaa ya mwenyewe pamoja na uthibitisho wa ulinzi huko iendako. Sasa unaona faida ya kuifuta safu ya dini mapema.

Shule na zahanati zina habari yao. Kanuni za 2021 zinahesabu elimu ya awali na ya msingi, pamoja na huduma za afya, kuwa ni maslahi ya kimkakati ya nchi. Data yake ichakatwe kwenye seva iliyo Kenya, au walau nakala moja inayofanya kazi iwe kwenye kituo cha data kilicho Kenya. Anayeuza mfumo wa shule ulio Frankfurt peke yake auangalie upya kabla muhula haujafunguliwa.

Hizo kazi mbili, na yoyote yenye alama za vidole, hudai pia tathmini ya athari kabla ya kuanza: unaandika unachofanya, hatari kwa watu, na utakavyozipunguza. Ripoti yake huwasilishwa siku 60 kabla ya uchakataji. Hata serikali iliwahi kukwama hapo. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilibatilisha utoaji wa kadi za utambulisho za Huduma kwa kuwa tathmini haikufanywa. Mkuu wa shule akikwambia anataka mashine ya vidole geti Januari, mpigie hesabu ya siku hizo mbele yake. Mara nyingi ataona kadi ya plastiki inatosha.

Hatua ya 8: Waitaliano

Mji huu umeishi na Waitaliano tangu zama za kituo chao cha kurushia roketi cha Ngomeni, na hoteli nyingi zinauza vyumba kwa Kiitaliano na kwa yuro. Kanuni ya Ulaya, GDPR, iliyoanza kutumika 25 Mei 2018, inamfuata hata mfanyabiashara aliye nje ya Ulaya ikiwa anawalenga kwa huduma watu walioko huko. Kinachoangaliwa ni mahali alipo mtu, uraia hauhesabiwi. Mtaliano aliyestaafu na kujenga Casuarina, akinunua intaneti kwa duka la hapa, hailetei GDPR biashara hiyo. Aliyeko Milano, akiweka chumba cha Watamu kwenye tovuti ya Kiitaliano yenye bei za yuro, anaileta.

Tovuti ya Kiingereza yenye bei za shilingi, ambayo Mjerumani mmoja ameigundua mwenyewe, haitoshi kuonyesha kwamba unawalenga. Ukilenga, faini huko inafika yuro milioni 20 au asilimia 4 ya mapato ya dunia nzima, na wao huchukua ile iliyo kubwa. Utatakiwa pia kuwa na mwakilishi ndani ya Umoja wa Ulaya, isipokuwa kwa shughuli za mara mojamoja zenye hatari ndogo. Wakala wa safari wa Italia akikutumia vifungu vya mkataba vya Tume ya Ulaya, usisaini kwa haraka ya msimu. Viambatisho vyake vinaorodhesha ulinzi wa kiufundi, na ukisaini kwamba data imesimbwa kwa fiche, basi iwe imesimbwa kweli.

Hatua ya 9: Mtu akiomba haki yake

Ombi la kuona data: siku 7, bila malipo. Kurekebisha, kufuta au kupinga matumizi: siku 14. Kuhamishiwa data kwa mtoa huduma mwingine: siku 30. Ombi litaingia kupitia mdomo wa mtu wa mapokezi au ujumbe wa WhatsApp usiku, na hesabu yake imeshaanza. Jenga kitufe kwenye mfumo kinachotoa kila kitu cha mgeni mmoja kwenye faili moja. Kwanza hakikisha anayeomba ndiye mwenyewe, kwa kupiga namba iliyomo kwenye mfumo. Wapo waume na wake watakaoomba orodha ya safari za wenzao.

Hatua ya 10: Siku data ikivuja

Kuvuja si udukuzi tu. Simu ya meneja ikiibwa kwenye tuktuk ikiwa imefunguliwa mfumo, ni uvujaji. Faili ya wageni ikitumwa kwa barua pepe isiyo yake, ni uvujaji.

Saa moja ya kwanza: funga akaunti, badilisha nywila na funguo za seva, lakini usifute logi. Kijana mwenye hofu atataka kusafisha kila kitu. Mzuie, logi ndizo zitakazoonyesha kilichoguswa. Andika saa mlipogundua, na nani aligundua.

Mchakataji anamwarifu mdhibiti ndani ya saa 48. Mdhibiti, ikiwa kuna hatari ya kweli ya madhara kwa watu, anamwarifu Kamishna ndani ya saa 72 tangu ajue. Wikendi na sikukuu zimo ndani ya saa hizo, kwa hiyo mpate namba ya mtu wa hoteli anayepokea simu Jumapili. Wageni walioguswa nao huandikiwa. Sheria inamwachia mdhibiti asiwaandikie wageni ikiwa data ilikuwa imelindwa ipasavyo, mfano kwa usimbaji fiche, na hiyo peke yake ni sababu ya kuisimba hata kwenye bekapu.

Ujumbe kwa wageni usiwe wa kujitetea: "Tarehe 12 simu ya mfanyakazi wetu iliibwa. Ilikuwa na njia ya kuona majina, simu na tarehe za kufika za wageni wa mwezi huu. Namba za pasi na malipo hazikuonekana kupitia simu hiyo. Akaunti tumeifunga. Ukipigiwa na mtu anayejifanya wa hoteli akidai malipo, usilipe, tupigie kwa namba hii."

Saa 72 zikipita kabla hamjajua kila kitu, pelekeni mnachokijua na mwongeze baadaye. Mkichelewa kabisa, peleka hivyo hivyo pamoja na sababu za kuchelewa. Sheria inaziruhusu sababu hizo zielezwe, na kukaa kimya hakukusaidii kitu siku mgeni atakapolalamika mwenyewe. Lalamiko likifika, Kamishna ana siku 90 za kulimaliza, na ombi lake la kwanza kwako litakuwa mkataba, daftari la data na logi.